Chumvi Isiyogeuka Bluu

Juzi mwanangu alianguka na baiskeli, nikampeleka zahanati ya mtaani kufungwa goti. Muuguzi alipofungua chupa ya ile dawa ya kahawia ya vidonda, ambayo utotoni tuliiita aidini, mtoto alitulia tuli. Mimi ndiye niliyerudi nyuma hatua moja. Harufu ile ikinifikia puani huja na jina la mtu. Jina hilo ni Zuhura, na mpaka leo, mtu mzima mwenye watoto watatu, nikilitamka hujikuta nimekaza taya.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka maduka yalivyojaa ghafla. Tulizaliwa katika foleni za sabuni na sukari. Tulipoanza kujua kusoma vizuri, mtaa wetu wa Majengo ulikuwa na kila kitu: mitumba imening'inizwa mpaka barabarani, chupa za chai zenye maua, biskuti za rangi ambayo haipo kwenye chakula chochote, na chumvi iliyofungwa kwenye pakiti yenye maandishi. Na wakati maduka yakijaa, ghala la chama cha ushirika pale jirani na reli lilibaki tupu, na popo wakahamia humo.

Dada Leonia ndiye aliyewafukuza popo. Alikuwa mwalimu kijana, mwembamba, ametoka chuo hata mwaka haujaisha, na sijui alimwomba nani akapewa ufunguo. Kila Jumamosi asubuhi alitukusanya watoto wa darasa la tano na la sita kutoka shule za mjini, tukafanya kwa mikono mambo ambayo darasani tuliyaimba tu. Tulizungusha waya kwenye msumari, tukaunganisha na betri za redio, msumari ukaokota pini. Tulifinyanga mitungi, akatuuliza kwa nini maji ya mtungini ni baridi kuliko ya ndoo. Siku moja alimleta mama wa Kigogo na ngoma yake ya muheme, akawasha moto wa majani, tukasikia kwa masikio yetu jinsi ngozi ikipata joto sauti inavyopanda.

"Kila mnachokiona nyumbani kina sayansi ndani yake," alipenda kusema. "Leteni vya nyumbani kwenu."

Mimi nikaleta chumvi.

Mama yangu alikuwa mpika chumvi. Tulipanga chumba kimoja Majengo, nyuma ya wauza mtama, lakini kiangazi kilipokaza alikuwa akienda kwao Zuzu, kwa bibi, na kutoka huko wanawake walikwenda mbugani kukwangua udongo mweupe uliochanua juu ya ardhi. Udongo ule waliutia kwenye kapu, wakamimina maji, maji yakachuruzika polepole kwenye chungu, kisha wakayachemsha mpaka ibaki chumvi. Nilipokwenda likizo nilikuwa nikikaa karibu na moto kwa ajili ya ile sekunde ambayo chungu huanza kupasua vitone na ukingo wake kuota weupe. Chumvi ya mama haikuwa nyeupe kabisa. Ilikuwa na rangi ya meno, na ukiiweka ulimini ilikuwa na ukali mtamu kidogo mwishoni. Sijawahi kuupata tena mahali popote.

Magunia yakijaa, mama aliyaleta mjini kwa treni, na siku chache baadaye alikuja Mzee Athumani na mkokoteni wake kuyachukua. Mama alicheka naye sana. Alimpa uji, tena kwenye kikombe cha wageni. Kwa akili zangu za miaka kumi na moja nilihitimisha kwamba mwanamume yule atakuwa baba yangu wa kambo, na kwamba magunia yale mama anampa ili atuoe. Nilimchukia kwa moyo wote. Kila akija nilijificha nyuma ya pipa la maji, na kwa sababu hiyo sikuwahi kuuliza chumvi ile inakwenda wapi.

Na bibi alikuwa na shingo. Nasema hivyo kwa kuwa ndivyo nilivyoiona: watu wengine wana shingo, bibi alikuwa na Shingo. Uvimbe laini, mkubwa kama chungwa, ulikaa chini ya kidevu chake na kucheza akiongea. Kwa kuwa hakuna mtu aliyejua nyimbo nyingi kama yeye, niliamini kabisa kwamba humo ndimo anamozihifadhi. Nilikuwa nikijishika koo kila asubuhi nione kama na mimi nimeanza.

Jumamosi ile Dada Leonia alianza na aidini. Alidondosha tone kwenye kipande cha ugali baridi, ugali ukageuka bluu nzito kama wino wa mhuri, na sote tukapiga kelele. Kisha akatoa kichupa kingine, kidogo, alichopewa na ofisi ya afya. Akatuambia hiki kinapima chumvi. Chumvi yenye madini joto itageuka bluu, isiyo nayo itabaki ilivyo. Akapima ya pakiti yake, ikageuka. Akauliza nani ameleta ya nyumbani, nikanyoosha mkono mpaka bega likauma.

Chumvi ya mama haikugeuka. Alidondosha mara ya pili, na ya tatu. Ilikaa pale kwenye kisahani, na rangi yake ya meno, imelowa tu.

"Mnaona?" akasema Dada Leonia, kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. "Hii haina madini joto. Mtu akila hii miaka mingi anaweza kupata rovu." Akabandika ukutani picha ya mwanamke mwenye uvimbe shingoni.

Nilikuwa bado naitazama picha ile, nikishangaa kwamba kuna mtu mwingine mwenye nyimbo nyingi, Zuhura aliposema kwa sauti yake nzuri ya kusoma risala:

"Mbona huyo ni bibi yake Perusi!"

Ghala zima lilicheka. Bibi alikuwa amekuja shuleni kwetu mara moja tu, kuniletea ubuyu, akasimama getini kunisubiri akiwaamkia watoto "Mbukwenyi, mbukwenyi" kama wakubwa wenzake. Zuhura alimwona siku ile. Sasa akasimama, akajaza shavu pumzi, akaweka ngumi chini ya kidevu, akasema, "Mbukwenyi!" Wakacheka tena. Hata Dada Leonia, kabla hajawakemea, niliona mdomo wake ukicheza.

Zuhura alikuwa binti wa mwenye duka. Baba yake alikuwa mtu wa mji hasa, wa zile familia ambazo babu zao walifika na misafara wakabaki, na duka lao lilikuwa kwenye kona inayoelekea sokoni. Alikuwa na viatu vyeupe na soksi zinazobaki juu. Nilikuwa nampenda, ndilo jambo lenye aibu. Nilikuwa nikimkopesha rula yangu ili tu airudishe.

Wiki iliyofuata shuleni wakaniita Chumvi. Halafu wakaniita Shingo. Nilijikagua koo mara ishirini kwa siku, na kila nilipomeza mate nilihisi kitu. Sikumwambia mama. Nilichofanya ni kukaa na kufikiri, na ninakiri mbele yenu kwamba sijawahi kufikiri vizuri kama nilivyofikiri wiki zile. Hesabu zilinishinda, lakini kisasi nilikipanga hatua kwa hatua kama mtu anayesuka mkeka.

Mwisho wa muhula kungekuwa na maonyesho. Wazazi wangekuja, bwana afya angekuwa mgeni rasmi, na kila kundi lingeonyesha jaribio lake. Jaribio la chumvi lilipewa kundi la Zuhura. Nikaamua chumvi itakayopimwa siku hiyo iwe ya duka la baba yake, na ikatae kugeuka mbele ya watu. Namna yake niliiona rahisi: ningenunua pakiti dukani kwao, nifungue kwa chini, nimwage iliyomo, nijaze ya mama, nizibe kwa moto wa mshumaa. Zamu yangu ya usafi ilipofika, nilimimina matone machache ya kile kichupa kwenye chupa tupu ya dawa ya macho, nikaondoka nayo ndani ya soksi.

Nyumbani, mama akiwa Zuzu na mama mwenye nyumba akinitupia jicho mara mojamoja tu, nilifungua pakiti niliyonunua dukani kwao; chumvi yake ilikuwa imesagwa laini kama unga, nyeupe kuliko ya mama. Nikataka kwanza kuona ya kwao inavyogeuka, nijue kitu ninachoharibu. Nikadondosha tone.

Haikugeuka.

Nilidhani nimeharibu dawa. Nikakimbia kwa mama mwenye nyumba, nikaomba chumvi kidogo ya kutia kwenye mboga. Yake ilitoka duka jingine. Ikageuka bluu papo hapo, mpaka kidole changu kikageuka. Nikarudia ya duka la kina Zuhura mara nne. Hakuna. Pakiti imeandikwa kwa herufi nyekundu kwamba ina madini joto, na ndani hamna kitu.

Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu. Sikuhitaji tena kudanganya! Mungu mwenyewe, niliwaza, amesikia walivyomcheka bibi.

Siku ya maonyesho ghala lilipambwa kwa khanga. Baba Zuhura alikaa mstari wa mbele, kofia iliyodariziwa, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama, kwa sababu ndiye aliyetoa mchele na chumvi ya pilau ya wageni. Pakiti zake zilipangwa kwenye meza ya pembeni, zile zile za herufi nyekundu. Kundi letu la mitungi lilimaliza, tukapigiwa makofi. Zuhura akasimama na kisahani, akapima chumvi ya Dada Leonia, ikageuka, wageni wakafurahi. Alipotaka kukaa nikanyoosha mkono.

"Dada, kwa nini asipime na ile ya duka la kwao? Wazazi wajue ya kununua."

Nilisema kwa sauti ya mtoto mwema. Bwana afya akasema, "Wazo zuri sana hilo." Zuhura akasema haraka, "Hapana, hiyo ni ya chakula." Nikamwona baba yake akishika magoti yake kwa mikono miwili. Hapo ndipo nilipojua kwamba wote wawili wanajua, na utamu ulionipanda moyoni sina neno la kuueleza. Dada Leonia, akidhani ni haya tu, akachana pakiti mwenyewe.

Tone la kwanza. La pili. Bwana afya akainuka kwenye kiti chake, akachukua kichupa, akapima kwa mkono wake mwenyewe. Haikugeuka.

"Mzee," akamwambia Baba Zuhura, "chumvi hii umeitoa wapi?"

Zuhura akageuka akanitazama mimi. Si baba yake, si mgeni rasmi. Mimi. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo kama mtu anayetaka kusoma neno la kwanza. Niliona mguu wa baba yake ukisogea na kukanyaga kiatu chake cheupe.

"Nimeinunua sokoni," mzee akajibu. "Kwa watu nisiowajua."

Mchana ule ule bwana afya na wenzake wakaenda dukani kwake, na umati wa watoto nyuma, na mimi mbele ya umati. Walitoa nje mashine ndogo ya kuzibia pakiti na rundo la pakiti tupu. Kisha wakaanza kutoa magunia, na aliyekuwa akiyabeba, kichwa chini, alikuwa Mzee Athumani. Gunia la kwanza lilipotua kwenye vumbi nikaona mdomo wake umeshonwa kwa uzi wa sufu ya kijani. Uzi ule ulitoka kwenye sweta langu la darasa la pili. Nililifumua mwenyewe, nikimshikia mama, jioni mbili mfululizo.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka tu kwamba kabla ya kuondoka Dada Leonia alinisimamisha, akanipa zawadi ya jaribio bora, mkebe mpya wa hisabati wenye bikari, na akasema nitakuwa mwanasayansi.

Mama alirudi kutoka Zuzu siku ya tatu, na habari ilikuwa imempokea stesheni. Aliweka mzigo chini. Hakuvua hata khanga ya kichwani.

"Nani alisema ipimwe?"

"Mimi."

"Ulijua ni yetu?"

"Hapana, mama."

"Sasa kwa nini?"

Nikamweleza. Picha, shavu lililojazwa pumzi, mbukwenyi, majina ya shuleni. Nilitegemea anikumbatie. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, kwa Kigogo kwanza na halafu kwa Kiswahili, kama vile alitaka nisipate pa kujificha:

"Bibi yako anachekwa tangu wewe hujazaliwa, na hajawahi kukosa chakula kwa kuchekwa. Kwa hili ulilofanya atakosa."

Akanishika mkono, tukaenda kwa kina Zuhura. Duka limefungwa kwa kufuli ambalo si lao. Baba Zuhura alitupokea uani, bila kofia, na nilishtuka kuona ana upara. Mama akapiga magoti. Mzee akamwinua.

"Mama Perusi, usinifanyie hivyo. Watu siku hizi hawataki chumvi ya kupima na kopo, wanataka pakiti. Mimi ndiye niliyeisaga na kuitia kwenye pakiti, mkono wangu. Mtoto kasema kweli, sasa aombe radhi ya nini?"

"Ungewaambia ni yangu."

"Wangekufuata na wewe. Ingesaidia nini?"

Wakati wakubwa wakiongea, Zuhura alinivuta nyuma ya jiko. Alikuwa miguu mitupu. Nilidhani atanipiga, nikajiandaa, na kusema kweli nilitamani anipige.

"Nilijua ni chumvi yenu tangu siku ile ya kwanza," akaniambia. "Ndiyo maana nilicheka. Niliogopa Dada ataanza kuuliza mnamuuzia nani. Na siku ya wageni ningesema, baba akanikanyaga." Akasogea karibu mpaka nikasikia harufu ya karafuu mdomoni mwake. "Siku moja nitasema, Perusi. Mbele ya watu wengi kuliko wale. Nitasema ulivyomkatia mama yako riziki kwa mkono wako."

Mwezi haukuisha wakampeleka Tabora kwa mjomba wake. Duka lilikuja kufunguliwa na mtu mwingine. Mama hakupata tena mnunuzi wa magunia. Alikwenda kuponda kokoto mlimani pamoja na wanawake wengine, na mikono iliyojua kusikiliza chungu ikawa na nyufa zisizofunga. Dada Leonia alimpelekea bibi pakiti za chumvi nzuri. Bibi alisema haina ladha, akaitumia kusukutulia meno. Jumamosi za ghalani ziliendelea bila mimi. Dada alikuja mara mbili kuniuliza kwa nini siji, nikamwambia naumwa kichwa.

Lakini yote hayo niliyabeba. Nisichoweza kukibeba ni lile neno la nyuma ya jiko. Nilimngoja Zuhura. Nilipomaliza sekondari nilimtafuta kwenye umati wa wazazi. Siku ya harusi yangu, mshereheshaji alipouliza kama kuna mtu ana neno, nilikaza macho mlangoni mpaka mume wangu akanibana kiganja. Miaka na miaka nilimchukia kwa ajili ya jambo ambalo bado hajalifanya, na nililiandalia majibu. Niliyaandaa makali. Ningewaambia watu hao wote kuhusu ngumi chini ya kidevu.

Alikuja kwenye msiba wa mama. Nilimtambua kabla hajaonyesha uso, kwa namna anavyosimama. Tulikuwa Zuzu, watu wamejaa mpaka nje ya ua, na alipoinuka kwenye nafasi ya majirani wa zamani, niliweka mkono ukutani. Alisema sentensi mbili. Kwamba mama huyu alimuuzia baba yake chumvi miaka mingi, na kwamba marehemu baba yake alikuwa akisema hajapata kuona mtu mwenye kipimo cha haki kama yeye. Akaketi.

Baadaye nilimfuata alipokuwa akisaidia kuosha masufuria.

"Mbona hukusema?"

"Kusema nini?"

"Uliniambia utasema. Nyuma ya jiko lenu."

Alinitazama, mikono imejaa majivu, na nikaona kwamba hatafuti namna ya kukwepa. Hakuwa akikumbuka. Alikuwa mtoto, ametoa neno la mtoto, akapanda treni ya Tabora likamtoka. Mimi ndiye niliyelilisha.

"Mimi nakumbuka nilimcheka bibi yako," akasema. "Hilo tu. Kila nikimwona mtu mwenye shingo ile, nakumbuka. Nimekuja kumzika mama, lakini pia nilitaka nikuombe unisamehe hilo, Perusi."

Sufuria zilikuwa zinangoja. Watu walikuwa wakipita wakitupa pole. Neno lilikuwa karibu kabisa, jepesi, na mtu yeyote mwenye imani angelitoa siku ile, mbele ya kaburi ambalo udongo wake haujakauka. Nikamwambia, "Chai ipo kule kwa akina mama, usiondoke hujanywa."

Ni miaka kadhaa sasa. Kila Idi ananitumia salamu, na kila Krismasi, na mimi humjibu vizuri, namuulizia watoto kwa majina. Ombi lake hajalirudia. Wala mimi sijalijibu, na najua anangoja jibu.